MZAZI NA MTOTO: Mwanao anahesabu, au anaimba tu?

Mpenzi msomaji, Jumapili ya leo naomba tusafiri pamoja hadi Isebania, ule mji wa mpakani katika Kaunti ya Migori, ambapo barabara kuu itokayo Kisii huaga Kenya na kuingia Sirari, Tanzania, kisha ikaendelea hadi Tarime, Musoma na Mwanza. Kama hujawahi kufika, basi elewa kwamba huo ni mji wa biashara. Malori hupanga foleni, bodaboda hupishana na mikokoteni ya mahindi na ndizi, na wabadilishaji pesa hukaa na mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi. Huko ndiko alikoolewa dada yangu mkubwa, na huko ndiko nilikokula likizo yangu ya Desemba iliyopita.

Dada ana kibanda cha chai na mandazi karibu na barabara. Asubuhi moja dereva wa lori aliagiza mandazi saba ya kubeba safarini. Dada alikuwa ameshika birika la moto, kwa hivyo akamwita bintiye wa miaka sita.

"Mhesabie mteja mandazi saba, umfungie kwenye karatasi."

Mtoto akainama juu ya beseni. "Wan, tu, thrii, fo..." Sauti tamu kama ya ndege, kidole kikiruka huku na huku juu ya mandazi. Hakukomea saba. Aliendelea hadi "twenti", ilhali ndani ya beseni hamkuwa hata na mandazi kumi na tano. Kisha akafunga mandazi matano, akampa mteja kwa mikono miwili na heshima zote.

Dereva aliangua kicheko. "Mama, huyu wako ni mwanamuziki, si mwenye duka!"

Watu waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Dada hakucheka. Aliweka birika chini, akainua mkono, na kama singekuwa nimekaa karibu, msichana yule angelipia kicheko cha dereva kwa shavu lake.

Jioni dada alinieleza kilichokuwa kikimkereketa moyoni. Shule anakosoma mtoto ilikuwa imemwambia kwamba hesabu za bintiye ni nzito, na kwamba ingekuwa heri arudie PP2 badala ya kuingia Gredi ya Kwanza Januari. Tangu siku hiyo dada alikuwa akimkalisha mtoto mezani kila usiku, kitabu upande mmoja na mwiko upande wa pili.

"Nambari anazijua, ndugu yangu," akasema. "Umemsikia mwenyewe, anafika ishirini bila kukosea. Basi ni ukaidi tu."

Niliomba nimwulize mtoto maswali mawili. La kwanza: "Baada ya sita huja ngapi?" Hakujibu papo hapo. Alianza kunong'ona tangu mwanzo, "wan, tu, thrii," hadi akalifikia jibu, mithili ya mtu anayetafuta ubeti wa katikati wa wimbo na hawezi kuupata mpaka auimbe wote. La pili: "Kati ya saba na tisa, nyingi ni zipi?" Hapo akatazama uso wa mamake.

Naam, msomaji, nikajua kwamba tatizo halikuwa ukaidi. Mtoto huyu hakuwa akihesabu. Alikuwa akiimba.

Wimbo si hesabu

Wazazi wengi, hata sisi wa mijini tunaojiona tumesoma, hudanganywa na wimbo huu. Mtoto wa miaka mitatu akitaja nambari hadi kumi mbele ya wageni, tunapiga makofi. Akifika hamsini, tunamwita profesa. Lakini mtoto anaweza kutaja nambari hadi mia moja na bado asijue kwamba nane ni zaidi ya sita.

Wataalamu wa Marekani Rochel Gelman na Charles Gallistel waliandika mwaka 1978 kwamba kuhesabu kunahitaji mambo kadhaa kwa pamoja. Kila kitu kipewe nambari moja, wala kisirukwe wala kisirudiwe. Nambari zitajwe kwa mpangilio uleule kila mara. Na ile nambari ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vitu vyote. Mpwa wangu alikuwa amelishika hilo la pili peke yake. Kidole chake na mdomo wake vilikwenda kila kimoja njia yake, na alipofika mwisho, ule mwisho haukumwambia lolote kuhusu mandazi.

Lipo na jambo la zaidi. Mtu mzima akisikia "saba", moyoni mwake saba ina mahali pake. Iko baada ya sita, kabla ya nane, imepita tano kwa hatua mbili na haijafika kumi kwa hatua tatu. Mtoto anayeimba hana mahali hapo. Kwake "saba" ni neno tu, kama "tralala". Kazi ya mzazi basi ni kumpa kila nambari mahali pa kukaa. Na njia nyepesi niijuayo ni mstari wa nambari, au kama wasemavyo jirani zetu wa Sirari, mstari wa namba.

Lugha tatu kinywani

Kabla hatujachora mstari, hebu tuseme kidogo kuhusu lugha, kwa maana Isebania si Nairobi. Mtoto wa hapa huamka na Kikuria au Kijaluo nyumbani, akashinda na Kiswahili barabarani na dukani, kisha akakutana na Kiingereza darasani. Kamati ya elimu iliyoongozwa na Peter Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayotumika mahali shule ilipo. Lakini shule nyingi, hasa za mjini, hukimbilia Kiingereza mapema kwa sababu wazazi wenyewe ndio wanaokitaka. Ng'ambo ya mpaka, hatua chache tu kutoka kwa dada, mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, zile wanazoziita KKK, kwa Kiswahili.

Sisemi Kiingereza kiachwe. Nasema mtoto ashike nambari kwanza kwa lugha anayoielewa, kisha azivalishe majina mengine. Na lugha zetu, msomaji, zina msaada ambao hatuujui. Angalia: kwa Kiingereza, baada ya kumi huja "eleven" na "twelve", maneno yasiyomwonyesha mtoto kwamba ndani yake mna kumi. Kwa Kiswahili ni kumi na moja, kumi na mbili. Kumi imo ndani, na kilichoongezwa kimo ndani. Kijaluo nacho husema "apar gachiel", yaani kumi na moja. Tena Kijaluo kina jambo tamu zaidi: sita ni "auchiel" na saba ni "abiriyo", na ukisikiliza kwa makini utasikia ndani yake moja na mbili, "achiel" na "ariyo", zikiongezwa juu ya tano, "abich". Ni kama vile wazee walihesabu mkono mmoja ukaisha, wakaanza wa pili.

Kwa hiyo nilimwambia dada, "Kwa majuma matatu haya, hesabu ya hapa nyumbani ni Kiswahili. 'Wan, tu, thrii' ipumzike kwanza."

Njia ya katoni kumi

Sasa tuchore. Lakini hapa kuna jambo ambalo walimu wengi hulipita. Ule mstari wa vitabuni, wenye vidoto na nambari chini yake, huwachanganya watoto wadogo. Mwaka 2009 jopo la Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani lilishauri kwamba mtoto mdogo aanze na njia ya visanduku vinavyofuatana, na ule mstari wa vidoto uje baadaye, akishakua kidogo. Sababu ni rahisi. Kisanduku ni kitu, mtoto anakiona na kukihesabu. Kwenye mstari wa vidoto, kinachohesabiwa ni nafasi iliyo kati ya kidoto na kidoto, na nafasi hiyo mtoto haioni.

Tulifanya hivi. Dada alikuwa na katoni tupu za mafuta ya kupikia. Tukazikata vipande kumi vya ukubwa mmoja, kila kimoja kikitosha miguu miwili ya mtoto. Kwa kipande cha mkaa tukaandika 1 hadi 10. Tukavipanga uani kwa mstari mmoja ulionyooka, kuanzia mlango wa jikoni kuelekea kwenye mparachichi. Kati ya kipande na kipande tukapima kwa kijiti kimoja ili nafasi zilingane. Hilo la kulingana usilipuuze. Ukipanga ovyo, mtoto ataona kwamba kutoka mbili hadi tatu ni mbali kuliko kutoka tano hadi sita, na utakuwa umemfundisha uongo.

Kizingiti cha mlango tukakiita sufuri. "Ukisimama hapa," nikamwambia mpwa wangu, "umetembea hatua ngapi?"

"Hakuna."

"Hiyo hakuna ndiyo sufuri."

Mamamkwe wa dada, ambaye sote humwita Nyanya, alitokea na mkongojo wake akatutazama. "Mnahesabu nini hapo? Si watoto, natumai?" Wazee wengi wa sehemu zetu hawapendi watu wala ng'ombe wahesabiwe kwa kidole, na si vyema kuwavunjia heshima.

"La, Nyanya, tunahesabu hatua."

Akafikiri. "Hatua hazina mwenyewe. Haya, hesabuni."

Majuma matatu uani

Juma la kwanza tulitembea tu. Mtoto anasimama mlangoni, anasema "sufuri", kisha kila mguu unapokanyaga katoni anataja nambari yake. Mdomo hauruhusiwi kutangulia mguu. Siku ya kwanza mdomo ulifika kumi wakati miguu ingali kwenye sita. Tulicheka naye, hatukumcheka, kisha tukarudi mlangoni. Siku ya nne mdomo na mguu vilikuwa marafiki. Akajifunza pia kurudi kinyumenyume: kumi, tisa, nane. Kurudi ni kugumu kuliko kwenda, maana huko wimbo hausaidii.

Juma la pili tulicheza kutafuta. "Nenda ukasimame kwenye sita." Mwanzoni alianzia mlangoni kila mara. Baadaye akawa anakimbia moja kwa moja hadi sita. "Sasa nataka tisa. Utaenda mbele au utarudi nyuma?" Na lile swali lililomshinda la saba na tisa tukaliuliza kwa miguu: mimi nilisimama kwenye saba, yeye kwenye tisa. "Nani ametembea zaidi kutoka mlangoni?" Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akapiga makofi. "Mimi!" Basi tisa ni zaidi. Hakumtazama mamake.

Juma la tatu tukaanza kujumlisha, na hapo, msomaji, tega sikio, maana hapa ndipo watoto wengi hujikwaa na wazazi hushika mwiko. Nilimwambia, "Simama kwenye tano. Sasa ruka mara tatu." Akasimama kwenye tano, akapiga mguu palepale alipo na kusema "moja", akaruka kwenye sita akasema "mbili", akaruka kwenye saba akasema "tatu". Kwa hivyo tano na tatu ikawa saba!

Dada akashika kichwa. "Unaona?"

Nikamwambia, "Naona. Na kosa hili lina akili ndani yake." Mtoto alikuwa amehesabu mahali aliposimama. Anayetoka Isebania kwenda Migori haanzi kuhesabu safari kabla gari halijaondoka stendi. Nikamwuliza mpwa wangu, "Ukisimama mlangoni umetembea ngapi?" Akajibu, "Sufuri." "Na sasa umesimama kwenye tano, kabla hujaruka, umeruka ngapi?" Akanyamaza, kisha uso ukafunguka. "Sufuri!" Akaruka upya: sita, saba, nane.

Jambo hilo halikuhitaji mwiko. Lilihitaji mtu wa kuona kosa lilikoanzia.

Mchezo wa sarafu

Mvua iliponyesha tuliingia ndani. Tukachora njia ileile kwenye ubao mdogo wa katoni, visanduku kumi kwa mstari mmoja, na vifuniko vya soda vikawa wachezaji. Badala ya dadu tukatumia sarafu ya shilingi moja. Ikilala upande wa nembo, unasogea hatua moja. Ikilala upande wa twiga, unasogea hatua mbili.

Usidhani mchezo huu ni wa kupoteza wakati. Mwaka 2008 watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi yao na watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini. Baadhi walicheza mchezo wa visanduku vyenye nambari 1 hadi 10 vilivyopangwa kwa mstari. Wengine walicheza mchezo kama huo, ila visanduku vilikuwa na rangi badala ya nambari. Vikao vilikuwa vinne tu, vya muda mfupi, katika majuma mawili. Wale wa nambari walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua nambari na kulinganisha ipi kubwa. Wale wa rangi hawakupata faida hiyo. Na walipopimwa tena majuma tisa baadaye, faida ilikuwa bado ipo.

Siri moja ya mchezo huo iko mdomoni. Mtoto akiwa kwenye tano na kupata hatua mbili, asiseme "moja, mbili". Aseme "sita, saba", yaani ataje majina ya visanduku anavyovikanyaga. Ndivyo anavyozoea kuendelea kutoka alipo, badala ya kukimbia nyuma hadi moja kila mara. Mpwa wangu alipoteza michezo mitatu ya kwanza dhidi ya Nyanya, ambaye baada ya kusema hatua hazina mwenyewe hakutaka tena kubanduka mezani.

Kwa walio wakubwa kidogo

Kaka ya mtoto, ambaye yuko sekondari msingi, alitutazama kwa dharau ya ujana. "Hiyo ni ya watoto," akasema. Nikamwita.

"Wewe unajua mpaka ule pale ulichorwa lini?" Hakujua. Nikamweleza kwamba mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliafikiana kugawana sehemu hizi kwa mstari unaotoka mlango wa mto Umba pwani, ukapinda kuzunguka Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Abakuria hawakuulizwa, na hadi leo ukoo mmoja una nyumba pande zote mbili.

"Sasa chukua mpaka huo uwe sufuri," nikasema. "Ukitembea hatua tano kuingia Kenya uko wapi?" Tano. "Ukirudi nyuma mbili?" Tatu. "Na kama ungerudi nyuma nane badala ya mbili?"

Alisimama akahesabu kwa vidole. "Ningekuwa Tanzania. Hatua tatu ndani ya Tanzania."

"Basi hiyo ndiyo hasi tatu inayokusumbua daftarini."

Mfano huo sikuutoa kichwani mwangu. Profesa wa Oxford, John Wallis, aliutumia katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1685, alipotaka kuwaonyesha wasomi wa wakati wake kwamba nambari iliyo chini ya sufuri si uchawi. Alimchora mtu anayetembea yadi tano mbele, akarudi yadi mbili, kisha akauliza itakuwaje akirudi yadi nane. Wasomi wazima walihitaji mtu wa kutembea. Itakuwaje basi tumnyime mtoto wa miaka sita?

Chenji na mwiko

Mama wa sokoni hutumia mstari huu kila siku bila kuuchora. Ukinunua kitu cha shilingi 65 ukampa noti ya mia moja, haandiki mia toa sitini na tano. Anakuwekea sarafu ya tano mkononi, "sabini", kisha kumi tatu, "themanini, tisini, mia". Ametembea kutoka bei hadi pesa yako, na hatua alizopiga ndizo chenji. Kutoa, kwenye mstari, ni kuuliza tu: kutoka hapa hadi pale ni hatua ngapi? Mtoto akilijua hilo, hatapunjwa dukani, wala hatampunja mteja wa mamake.

Wazazi wenzangu, tuseme pia ukweli kuhusu mwiko. Mtoto anayeogopa hutazama uso wa mzazi. Macho yake hayako tena kwenye nambari. Ndivyo nilivyoona jioni ile ya kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza viboko shuleni, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili popote alipo. Lakini hata kama sheria hizo hazingekuwapo, mwiko haujawahi kumwonyesha mtoto mahali saba inapokaa.

Na kuhusu kurudia darasa, sheria hiyohiyo ya 2013 imekataza shule kumzuia mwanafunzi asipande darasa. Mzazi akiambiwa mwanawe arudie, ana haki ya kuuliza, tena kwa upole na heshima, ni kitu gani hasa mtoto hajakishika, na nyumbani asaidiweje. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kumtembeza kila mmoja uani. Wewe mwenye mmoja au watatu unaweza, kwa dakika kumi na tano kwa siku.

Kabla ya kuondoka

Siku niliyofunga mizigo kurudi Nairobi, nilikaa kibandani nikingoja matatu. Mama mmoja aliyevuka kutoka Sirari alinunua mandazi matatu, kila moja shilingi kumi, akatoa noti ya hamsini. Dada alikuwa akikoroga unga. Akafungua mdomo, akaufunga, akamwachia mtoto.

Mpwa wangu alihesabu mandazi matatu, kidole na mdomo pamoja. Akaangalia noti. Midomo ikacheza: "Thelathini..." Akapiga mguu mmoja chini polepole, "arobaini," kisha wa pili, "hamsini." Akachukua sarafu mbili za kumi kwenye mkebe, akampa mteja kwa mikono miwili.

Mteja alizitazama, akazitia mkobani, akaenda zake. Hakusifu wala hakucheka. Kwa nini asifu? Alikuwa amepewa chenji yake. Lakini dada aligeuka upande wa jiko, akajifanya moshi umemwingia machoni.

Sitaki kukudanganya kwamba kazi imekwisha. Baada ya ishirini mtoto bado hupotea. Thelathini na tatu humtoka kama thelathini na thelathini, na Kiingereza kinamngoja shuleni na "thirteen" na "thirty" zake zinazofanana kama mapacha. Lakini Januari aliingia Gredi ya Kwanza pamoja na wenzake, baada ya dada kwenda kuzungumza na mwalimu akiwa na ule ubao wa katoni kwapani. Katoni za uani zimekwisha kuliwa na mvua, nao wakakata nyingine, safari hii hadi ishirini, zikaupita mparachichi.

Nawe, msomaji uliye Umoja, Kondele au Likoni, huna uani? Korido ya ploti inatosha, na kipande cha chaki. Huna korido? Ngazi za ghorofa zimepangwa kwa hatua zinazolingana tangu zilipojengwa. Simama chini na mwanao, mwulize mmepanda ngapi. Akijibu "sufuri", mmeshaanza.

Udongo uwahi ungali maji. Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.